Barabara Kwanza, Gari Baadaye

Tarehe 1 Machi 2019, siku ya mwisho ya majaribio kabla ya msimu wa magari ya langalanga ya Formula 1 kuanza, Sebastian Vettel wa Ferrari aliuzunguka uwanja wa Barcelona kwa dakika 1 na sekunde 16.221. Lewis Hamilton wa Mercedes alitumia 1:16.224. Tofauti yao haikufika hata muda wa kupepesa jicho, lakini orodha ni orodha: Ferrari juu, Mercedes chini. Mazungumzo yote ya majira yale yakawa kwamba mwaka ni wa Ferrari, na Hamilton mwenyewe alisema hadharani kuwa anawaona wapinzani wake wako mbele. Haikupita muda. Kwenye mbio za kwanza za Melbourne, katikati ya mwezi uleule, Mercedes walishika nafasi mbili za mbele kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, Vettel akawa wa tatu, sekunde 0.704 nyuma. Siku ya mbio Valtteri Bottas alimwacha hata mwenzake Hamilton kwa karibu sekunde 21, na Vettel akamaliza wa nne, karibu dakika nzima nyuma ya mshindi. Mercedes wakachukua nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio tano za mwanzo mfululizo. Ya tano kati ya hizo ilifanyika Mei, palepale Barcelona, na ndiyo yenye somo kubwa. Katika mchujo Vettel alitumia 1:16.272, karibu sawasawa na muda wake wa Machi. Muda uliomkweza juu ya kila mtu wakati wa baridi sasa ulimwacha sekunde 0.866 nyuma ya Bottas.

Uwanja uleule, dereva yuleyule, muda uleule, na maana mbili zinazopingana. Mtu anaweza kusema kwamba majaribio ni bahati nasibu na hayafai kufuatiliwa. Mimi naona kosa liko kwenye utaratibu wa kuuliza. Karibu kila mtazamaji, na waandishi wengi wa michezo, huanza kwa kuuliza gari lipi lina kasi, kisha barabara ikakumbukwa mwishoni, tena mvua ikinyesha. Inapaswa kuwa kinyume. Kasi ya gari la mbio si sifa inayokaa ndani ya gari kama ilivyo rangi yake. Hutokea pale gari, tairi na lami vinapokutana katika saa fulani na joto fulani. Anayetaka kukisia mbio za Jumapili aanze kwa kuijua lami, aangalie ni tairi gani inaipenda lami hiyo, ndipo aulize nani ana gari zuri. Akifuata mpangilio huo, takwimu za mazoezi ya Ijumaa zinaanza kusomeka.

Kwanza tuone kwa nini hazisomeki zikiachwa zenyewe. Tangu mwaka 2010 ni marufuku kujaza mafuta katikati ya mbio, kwa hiyo gari huanza likiwa limebeba mafuta yote litakayotumia hadi mwisho. Kuanzia 2019 kikomo kiliwekwa kilo 110 kwa mbio nzima, katika magari ambayo msimu wa 2022 yalitakiwa kuwa na uzito usiopungua kilo 798 pamoja na dereva. Kipimo cha haraka wanachotumia wahandisi ni kwamba kila kilo 10 za mafuta hugharimu takriban sekunde 0.3 kwa mzunguko, zaidi au pungufu kidogo kulingana na uwanja. Piga hesabu. Gari moja likitoka na kilo 20 na jingine na kilo 70, kuna sekunde moja na nusu kati yao kabla hatujazungumzia ustadi wa dereva wala ubora wa injini, na mara nyingi sekunde moja na nusu inatosha kuwameza madereva 15 kwenye orodha ya Ijumaa. Hakuna timu inayolazimika kumtangazia mtazamaji imeweka kilo ngapi. Juu ya mafuta kuna tairi. Pirelli, ambaye ndiye msambazaji pekee tangu 2011, huleta kila wikiendi aina tatu za matairi ya barabara kavu: laini yenye alama nyekundu, ya wastani yenye alama ya njano, na ngumu yenye alama nyeupe. Kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine kunaweza kuleta nusu sekunde au zaidi. Kisha kuna injini. Kuanzia mbio za Italia za 2020, timu hazikuruhusiwa tena kuipa injini nguvu ya ziada kwenye mchujo kuliko kwenye mbio, lakini Ijumaa anayetaka kuipunguza bado anaweza kuipunguza. Wengi huficha makucha. Wengine, hasa wanaotafuta wadhamini, huyatoa yote siku ambayo hakuna kombe la kushindaniwa.

Hizo ni siri za gari, na si siri kubwa kama zinavyosemwa. Timu zote hupata taarifa za setilaiti zinazoonyesha kila gari lilipita wapi kwa kasi gani, hivyo wahandisi wa timu pinzani hulinganisha kasi kwenye kunyooka na kwenye kona na kukisia mzigo wa mwenzao kwa ukaribu wa kuridhisha. Jambo linalowanyima usingizi ni lami, kwa sababu yenyewe haina data ya jana inayotosha kuijibia kesho.

Tairi hushika barabara kwa njia mbili. Ya kwanza, mpira laini hujibonyeza kwenye vinundu vya kokoto zilizomo ndani ya lami, ukajiumba kuvizunguka na kukataa kuachia. Ya pili, mpira hunata kwenye uso wa jiwe pale vinapogusana kabisa. Njia zote mbili hutegemea joto. Tairi ya langalanga ikiwa baridi ni ngumu na huserereka; ikifikia joto lake, ambalo ni karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, hushika; ikizidi hapo huanza kuungua juu, ikatoka malengelenge na kukatika vipande. Vumbi likikaa kati ya mpira na jiwe, hakuna kujibonyeza wala kunata. Ndiyo maana asubuhi ya Ijumaa magari huteleza kwenye uwanja ambao saa 24 baadaye utakuwa wa haraka kwa sekunde moja au mbili. Kila gari linalopita huacha utando mwembamba wa mpira kwenye njia ambayo madereva hupenda kuifuata, na mpira wa tairi hupenda kugusa mpira mwenzake. Nje ya njia hiyo hujikusanya vipande vya mpira uliochubuka, kiasi kwamba dereva anayetaka kumpita mwenzake kwa kutoka pembeni huwa amehama barabara nzuri na kuingia mbovu. Mvua ikinyesha usiku, utando wote husafishwa na lami hurudi kuwa mbichi. Monaco ina vituko zaidi: kwa kuwa uwanja wake ni mitaa ya mji, jioni barabara hufunguliwa kwa wenyeji, na magari ya kawaida hupita juu ya kazi ya siku nzima.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kupima mshiko huanza kwa miguu. Alhamisi, kabla injini yoyote haijawashwa, dereva na wahandisi wake huuzunguka uwanja wakitembea. Wanainama kwenye kona kuangalia kama lami imetiwa kiraka, wanapiga picha ukubwa wa kokoto, wanaangalia ukingo uliopakwa rangi upya kwa kuwa rangi ikilowa huteleza kuliko lami, wanaangalia maji yatatiririkia wapi mvua ikija. Si kazi ya kuvutia kwenye televisheni. Lakini mwaka 2023, katika mbio mpya za Las Vegas, kikao cha kwanza cha mazoezi kilivunjika baada ya dakika chache tu kwa sababu mfuniko wa chemba ulifumuka na kuipasua sehemu ya chini ya Ferrari ya Carlos Sainz. Fedha nyingi mno zilikuwa zimemwagwa pale, na kilichoamua siku ile kikawa chuma kilicholala barabarani.

Uwanja unaoonyesha hoja yangu vizuri kuliko yote ni Sakhir, Bahrain. Ulifunguliwa 2004 katikati ya jangwa, una urefu wa kilomita 5.412 na kona 15, na mbio zake ni mizunguko 57. Waandaaji walijua adui wao ni mchanga, wakaupulizia gundi mchanga unaouzunguka uwanja ili upepo usiupeleke wote barabarani. Kokoto za lami yake hazikuchimbwa Arabuni; zilisafirishwa kutoka machimbo ya Bayston Hill, Shropshire, Uingereza, kwa kuwa jiwe la pale ni gumu na halilainiki upesi. Matokeo yake ni lami yenye makali, inayoshika vizuri na kula matairi bila huruma, hasa ya nyuma, kwani uwanja una kona nyingi za polepole zinazomtaka dereva akanyage mafuta akitoka. Tangu 2014 mbio hizi hukimbiwa usiku chini ya taa. Na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kawaida kikao cha kwanza na cha tatu cha mazoezi hufanyika mchana, jua likiwa limeipasha lami kupita nyuzi 40. Kikao cha pili, mchujo na mbio zenyewe hufanyika usiku, lami ikiwa imepoa kwa nyuzi 10 au zaidi. Gari linalopata tabu mchana kwa sababu linachemsha matairi ya nyuma linaweza kuwa zuri kabisa usiku. Jingine linalotamba mchana, kwa kuwa linahitaji msaada wa jua kupasha matairi ya mbele, linaweza kukosa mshiko taa zikiwaka. Kwa hiyo anayejumlisha vikao vyote vitatu na kutafuta aliyeongoza mara nyingi anachanganya viwanja viwili tofauti vyenye jina moja.

Kosa hilo lina gharama kwa timu zenyewe. Mchujo ukishaanza, kanuni huzuia karibu kila badiliko la matengenezo ya gari hadi mbio zimalizike. Mhandisi anapoamua ugumu wa springi na pembe ya bawa la nyuma, anaamua kwa ajili ya barabara ambayo bado haipo: barabara ya Jumapili usiku, yenye mpira zaidi, tangi likiwa limejaa, na pengine upepo umegeuka. Saa zile mbili za mchana zinampa nafasi ya kujua gari halijaharibika na vifaa vipya vinafanya kazi. Kuhusu kasi ya mbio, hazimsaidii sana.

Kuna nyakati ambapo barabara hufuta kila kitu kinachojulikana kuhusu magari. Novemba 2020 mbio zilipelekwa Istanbul kujaza pengo la ratiba iliyovurugwa na korona. Uwanja ulikuwa umewekwa lami mpya wiki chache tu kabla, na lami mpya hutoa mafuta juu kwa muda kabla haijakomaa. Pirelli alikuwa amechagua aina zake tatu ngumu zaidi. Ijumaa, bila mvua kubwa, madereva bora duniani walikuwa wakizunguka kama watu waliovaa soksi kwenye sakafu ya vigae, na muda bora wa siku ulikuwa wa dakika 1 na sekunde 28 na ushee. Mwaka uliofuata, baada ya lami kupigwa maji ya shinikizo kali ili ikwaruzike, Hamilton alizunguka uwanja huohuo kwenye mchujo kwa 1:22.868. Hakuna timu iliyobuni gari jipya la haraka kwa zaidi ya sekunde tano ndani ya mwaka mmoja. Barabara ndiyo iliyobadilika. Kwenye mchujo wa 2020, mvua ikiwa imenyesha, Lance Stroll wa Racing Point alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa mara ya kwanza maishani mwake, huku Mercedes, waliotawala msimu mzima, wakishindwa kupasha matairi yao na Hamilton akianza wa sita. Siku ya mbio Hamilton alivaa matairi ya mvua nyepesi mzunguko wa 8 kati ya 58, akakataa kuyabadili tena, na akashinda yakiwa yamekwisha kipara. Kipara hicho ndicho kilichomfaa, kwa sababu barabara ilikuwa imeanza kukauka. Stroll, aliyeongoza kwa zaidi ya nusu ya mbio, alimaliza wa tisa.

Msomaji mwenye shaka atasema Istanbul ni kioja, na kioja hakijengi kanuni. Basi tuchukue ushahidi usio na mvua wala lami mbichi. Agosti 2020, Silverstone iliandaa mbio mbili mfululizo, tarehe 2 na tarehe 9. Uwanja uleule, magari yaleyale, madereva karibu walewale. Wiki ya kwanza Mercedes walikuwa juu ya wote, na Hamilton alishinda hata baada ya tairi lake la mbele kupasuka kwenye mzunguko wa mwisho. Wiki ya pili Pirelli alileta matairi laini kwa hatua moja, upepo wa kujazwa ukaongezwa, na hali ya hewa ikawa ya joto. Mercedes walishika tena nafasi mbili za mbele kwenye mchujo. Lakini mbio zilipoanza matairi yao yakatoka malengelenge, na Max Verstappen wa Red Bull, aliyeanza wa nne akiwa na tairi gumu, akawashinda wote wawili bila kutegemea ajali ya mtu. Hatua moja ya tairi na nyuzi chache za joto zilitosha kumng'oa mfalme kwenye kiti chake ndani ya siku saba. Kama kasi ingekuwa ndani ya gari, isingehama hivyo.

Basi mtu asome nini? Asome mizunguko mingi mfululizo inayokimbiwa na tangi zito, ambayo timu nyingi huifanya nusu ya pili ya kikao kinachofanana na saa ya mbio. Nitoe mfano wa kubuni, tukibaki Sakhir usiku. Madereva wawili wanatoka na tairi la wastani na kukimbia mizunguko 15. Wa kwanza anaanza na 1:37.0, na kila mzunguko unampotezea sekunde 0.08. Wa pili anaanza na 1:36.6, lakini kila mzunguko unampotezea 0.2. Anayeangalia muda bora atasema wa pili ana kasi zaidi kwa sekunde 0.4, na ndivyo itakavyoandikwa kwenye orodha. Kuanzia mzunguko wa tano, hata hivyo, wa kwanza anakuwa ndiye wa haraka, na baada ya mizunguko 15 anakuwa mbele kwa zaidi ya sekunde 6. Kuna hatua moja zaidi. Kilo 110 zikigawanywa kwa mizunguko 57, gari linapungua karibu kilo 2 kila mzunguko, na wepesi huo unapaswa kulipa nafuu ya takriban sekunde 0.06. Kwa maana hiyo tairi la wa kwanza linachakaa kwa sekunde 0.14 kila mzunguko, na la wa pili kwa 0.26, ila wepesi wa tangi unaficha sehemu ya uchakavu huo. Dereva ambaye muda wake haubadiliki kabisa kwa mizunguko 15 bado anapoteza tairi. Mafuta yanayopungua ndiyo yanayomsitiri. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Penseli na nyuma ya bahasha vinatosha, mradi mtu aondoe mizunguko iliyoharibiwa na msongamano na aangalie kwamba wanaolinganishwa wamevaa rangi moja ya tairi.

Pingamizi zito zaidi kwa hoja yangu linaitwa Brawn. Honda ilijitoa kwenye Formula 1 Desemba 2008, Ross Brawn akaichukua timu, na gari lao likafika kwenye majaribio ya Barcelona Machi 2009 likiwa jeupe, karibu halina tangazo la mdhamini. Likawa la haraka kupita kiasi. Wengi walitikisa vichwa: hawa wanatafuta wadhamini, wameweka mafuta kidogo. Wiki tatu baadaye Jenson Button alishinda Melbourne akifuatiwa na mwenzake Rubens Barrichello, akashinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo, na akawa bingwa wa dunia. Je, hapa orodha haikusema kweli tupu, na wajuaji wenye hesabu za mafuta ndio walioumbuka? Ilisema kweli, nakubali. Lakini tuangalie ilivyosema. Gari lile halikutoa mzunguko mmoja wa ajabu kisha likarudi kulala gereji. Lilirudia kasi ileile siku baada ya siku, Barcelona na kisha Jerez, viwanja viwili vyenye lami tofauti. Kasi inayohama na gari kutoka lami moja hadi nyingine ndiyo kasi ya kuaminika. Walioumbuka walikuwa na shaka nzuri, ila waliishia kwenye tangi la mafuta bila kuuliza kama gari linarudia ubora huo barabara ikibadilika.

Pingamizi jingine ni kwamba mchujo wa Jumamosi unamaliza ubishi: kila mtu anatoa alichonacho, mafuta ni kidogo kwa wote, tairi ni laini kwa wote. Ni kweli kwamba mchujo ni kipimo safi, na kwa Monaco, ambako kupitana ni shida, karibu unamaliza kazi. Kwingineko unapima mzunguko mmoja tu, na Silverstone ya pili ya 2020 inatosha kuonyesha pengo lililopo kati ya mzunguko mmoja na mbio nzima. Wapo pia wanaosema kwamba mikakati, gari la usalama na makosa ya madereva hufanya utabiri wote kuwa upuuzi. Bahrain 2021 Verstappen alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa tofauti ya sekunde 0.388, majaribio ya kabla ya msimu yalikuwa yameonyesha vilevile kwamba Red Bull wana nguvu, na bado Hamilton akashinda kwa sekunde 0.745 kwa kuingia mapema kubadili matairi na kulinda nafasi yake hadi mwisho. Sioni kwamba hilo linaangusha hoja. Kupima kasi na mshiko hakumtaji mshindi. Kunamwambia mtu ni mashindano ya namna gani anayoenda kuyatazama, na nani atalazimika kujihatarisha ili ashinde. Usiku ule Mercedes ndio waliolazimika. Waliacha kupambana kwa mwendo, wakapambana kwa muda wa kuingia gereji, kwa sababu walishajua kwamba kwa kasi tupu hawatoshi.

Kwa wapenzi wa mbio za magari Afrika Mashariki, wazo la kutanguliza barabara halipaswi kuwa geni. Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, haina uwanja wa kuzunguka. Dereva na msoma ramani wake hupewa nafasi ya kupita kila hatua mara mbili kwa mwendo mdogo kabla ya mashindano, mmoja akitaja kona, mwingine akiandika. Daftari hilo ni kipimo cha mshiko kilichoandikwa kwa mkono: hapa kona kali, hapa jiwe, hapa vumbi laini linalofunika kisichoonekana. Karibu na Naivasha, kwenye hatua kama Kedong, vumbi la volkano linaweza kufanya mifereji mirefu baada ya magari machache kupita, hivyo anayetangulia na anayekuja wa kumi hawakimbii barabara moja ingawa ramani ni moja. Mwaka ule wa 2021 Thierry Neuville wa Hyundai aliianza siku ya mwisho akiongoza, lakini mfumo wa shokomzoba wa gari lake ukavunjika kwenye hatua ya kwanza ya asubuhi, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Toyota. Hakuna aliyeweza kusema Neuville hakuwa na kasi. Zamani, kabla ya 2002, timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya magari yao kuangalia mifugo, madimbwi na malori njiani. Gharama ile yote ilikuwa kwa ajili ya swali moja la barabara, na wenye timu hawakuona aibu kuilipa.

Tofauti kati ya rali na langalanga ni kwamba kwenye rali barabara inaonekana. Kwenye lami nyeusi iliyonyooka, mtazamaji haoni mafuta yanayochuruzika juu, haoni utando wa mpira, wala hajui kama joto limeshuka nyuzi 12 tangu saa tisa alasiri. Akikosa kuviona, humalizia kila kitu kwa jina la dereva. Kwa hiyo Ijumaa ijayo, kabla ya kuangalia nani yuko juu ya orodha, angalia saa ya kikao na uilinganishe na saa ya mbio. Angalia joto la lami, ambalo siku hizi huandikwa kwenye skrini, na usilichanganye na joto la hewa. Uliza kama usiku uliopita mvua ilinyesha. Angalia rangi ya tairi la kila aliyeweka muda mzuri, kisha subiri dakika 25 za mwisho, pale magari yanapotoka mazito na kuzunguka bila kurudi gereji, na hesabu nani anapoteza kidogo. Kwa Sakhir kazi ni nyepesi zaidi: kikao cha pili ndicho cha kukitazama, na vile vya mchana unaweza kuendelea na shughuli zako.